Alasiri Tuliyoatamia Mayai Chaani

Nimerudi Mombasa na kiti bado hakijanizoea. Naamka, nazunguka karakana yangu ya Kiembeni, nawasha hiki, nazima kile, nafungua dirisha, nalifunga. Wewe unanijua tangu zamani, hutashangaa. Karakana yenyewe ni nzuri, sitakuficha. Ni chumba kizima ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe, si kwa urithi wala kwa mkono wa mume, na ukutani kuna diploma yangu ya elektroniki ndani ya fremu niliyoipakata kwenye ndege kutoka Doha ili isije ikapasuka na mizigo. Nina mita za aina ambayo mafundi wa mjini huja kuzitazama tu. Nina darubini ya kukagulia bodi. Kwa miaka mingi nilitengeneza mashine za hospitali kule Uarabuni, zile ambazo zikizimika daktari mwenyewe hutokwa na jasho, na katika idara nzima mwanamke nilikuwa mimi peke yangu. Watu husema mtu asijisifu. Wengi wanaosema hivyo hawana la kujisifia.

Nimejiunga na kundi moja la simu la watu wanaopenda kutengeneza vitu nyumbani. Juzi mmoja alileta picha. Amejiundia mashine ya kuangulia vifaranga, lakini taa zake zinawaka joto likizidi na zinazima baridi ikiingia, kinyume kabisa cha inavyotakiwa. Akaomba ushauri. Ungeyaona majibu! Mmoja alimwambia aitupe. Mwingine alimuuliza nani alimruhusu kushika stima. Wawili wakaanza kutukanana wao kwa wao, mwenye mashine wakamsahau. Mimi niliandika jibu sahihi, mistari miwili tu, na hakuna aliyelisoma kwa sababu kila mtu alikuwa anaandika lake. Nikailaza simu kifudifudi. Nikainuka, nikazunguka meza, nikarudi, nikainuka tena. Mwisho nilichukua ufunguo wa gari nikaenda Chaani.

Nilitaka kuiona baraza ya bibi yangu. Haipo. Mahali pake pana jengo la vyumba vya kupangisha, ghorofa juu ya ghorofa, nguo zimeanikwa kila dirisha. Malori ya makontena bado yananguruma barabarani yakielekea bandarini, na vumbi ni lile lile, linaingia puani na ladha ya chuma. Mlinzi wa lango aliniona nikienda huku na huku mbele ya ukuta wake akaniuliza, "Mama, watafuta chumba?" Nikamwambia natafuta baraza. Akacheka kwa adabu, kama mtu anayemcheka mgonjwa.

Ngoja nikuonyeshe ilivyokuwa, kwani pale langoni sikuwa na wa kumwonyesha.

Nililelewa na bibi, mama yake mama. Nyumba ilikuwa ya chini, ya bati, yenye baraza pana ya saruji iliyong'aa kwa kukaliwa. Asubuhi ilinukia mahamri na iliki, mchana mbaazi za nazi, na Jumamosi alasiri ilinukia utomvu wa kulehemia ukiungua, kwa sababu Jumamosi alasiri baraza ya bibi iligeuka hospitali. Watu wa Chaani waliopenda vitu vya umeme walikuja na wagonjwa wao: redio zinazokoroma, pasi, kinanda cha kanda, televisheni ya kifua kirefu iliyobebwa na watu wawili kama jeneza. Hapakuwa na duka wala kibao. Mtu alikuja na kitu, wengine wakakizunguka, na ushauri ukaanza kumwagika pamoja na chai.

Bibi hakujua volti ni mnyama gani, lakini hospitali ile ilikuwa yake na sheria zilikuwa zake. Ya kwanza, hakuna kuwasha kitu mpaka wote wawe wameketi na yeye amesema bismillahi. Sheria hii ilizaliwa siku ambayo kapasita ililipuka ikamwaga unga wake ndani ya sinia la mahamri. Ya pili ilikuwa nzito zaidi. "Hapa kwangu," alisema bibi, "mtu hakosolewi mbele ya mwenye kitu." Kabla sijazaliwa, mafundi wawili waliwahi kubishana pale barazani juu ya redio ya mtu, wakanuniana mpaka mmoja akahama mtaa. Bibi aliapa halitatokea tena. Basi pale kwetu fundi akiona mwenziwe amekosea, hakusema. Aliuliza kwa upole, "Je, na upande huu tukiutazama?" Au alingoja mwenziwe aende kunawa, akarekebisha kimya kimya, kisha kitu kikipona akampa mwenziwe sifa zote. Hayo ndiyo yalikuwa malezi ya pale, na mimi, mtoto asiyetulia, mwenye mdomo kama wangu, yalinikaba.

Maana sikutulia, rafiki yangu. Nilikuwa naenda kisimani, narudi, naruka baraza, naingia jikoni, natoka. Bibi alikuwa akiniita, "Ndoo hapa!", yaani njoo, nami naitika "Abee!" nikiwa tayari niko upande wa pili wa nyumba. "Mtoto huyu yuwazunguka kama pia," alilalamika. "Wallahi, siku atakayokaa, mvua itanyesha mawe."

Katika hospitali ile madaktari wakubwa walikuwa wawili. Wa kwanza nilimwita babu wa bandarini, ingawa hakuwa wa damu. Alikuwa jirani wa mbele, fundi umeme aliyestaafu bandarini, mzee wa kofia na kikoi, mwenye pete nene ya fedha kidoleni ambayo aliivua kila akitaka kushika waya na kuinyonya mdomoni kama peremende. Wa pili alikuwa mwalimu wa fizikia, mtu wa bara, aliyekuja kwa baiskeli kutoka Mikindani na Kiswahili chake cha vitabuni. Vidole vyake havikuisha chaki, hata siku za likizo. Wawili hawa waliheshimiana sana. Waliheshimiana kiasi kwamba sikuwahi kuwasikia wakiongea jambo lolote la maana. Ilikuwa "tafadhali mzee, tangulia," na "la, mwalimu, wewe ndiwe mwenye elimu," mpaka chai ikapoa.

Sasa, nyuma ya nyumba yetu chumba kimoja alipanga mama kutoka Kitui. Tulimwita jirani, basi. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, akafariki, na tangu siku ya mazishi shemeji zake walikuwa wakimtaka arudi kijijini kwao akae nao. Hakutaka. Nakumbuka akikuna nazi na bibi uani, akisema, "Kule mimi nitakuwa mjane ya watu. Hapa mimi ni mimi." Shemeji wakatuma habari kwamba wanakuja kumchukua pamoja na vyombo vyake. Naye, mwanamke shupavu yule, akawajibu kwamba ana kazi: anafuga kuku. Waje waione. Wakikuta hakuna kazi, atafunga mizigo bila neno.

Taabu ni kwamba kuku hakuwa nao. Alikuwa na mayai tu, ya kienyeji, aliyoyakusanya kwa watu kutoka Jomvu mpaka Miritini.

Hospitali ya Jumamosi ikamwundia mashine. Kasha lilikuwa friji bovu, limelazwa chali, mlango wake ndio kifuniko. Ndani ziliwekwa taa za kutia joto, bakuli la maji, na trei ya mbao. Mwalimu alichora na kutengeneza bodi ya kupima joto, babu akafunga nyaya za umeme. Kazi ya bodi ilikuwa rahisi kueleza: kihisi kidogo mfano wa punje ya dengu kilikaa karibu na mayai, na kilipohisi baridi kiliiamuru swichi iwashe taa, kilipohisi joto la kutosha kiliiamuru izime. Tuliiweka sebuleni kwetu, karibu na mlango wa baraza, kwa kuwa chumba cha jirani hakikuwa na stima ya kuaminika. Kazi ya kuyageuza mayai nilipewa mimi. Bibi alipanga ratiba: kila adhana, mayai yageuzwe. Kila yai lilikuwa na alama ya penseli upande mmoja, na adhana ikilia tu, jirani, ambaye alikuwa muumini wa kanisa na mwimbaji wa kwaya, alikuwa wa kwanza kupiga kelele kutoka uani, "Wewe mtoto! Wameadhini! Mayai!"

Siku kadhaa zikapita, tukafunga madirisha yote mchana, babu akamulika yai moja kwa tochi. Ndani tuliona nyuzi nyekundu, nyembamba, na katikati doa lililorukaruka. Jirani aliliangalia akashika mdomo.

Kisha ikaja Jumamosi ile.

Ilipoadhiniwa adhuhuri nilikimbia kuyageuza nikakuta kioo cha kipimajoto kina ukungu na taa zimezimika. Stima ilikuwepo, redio ya bibi ilikuwa ikiimba jikoni. Niligusa yai moja. Halikuwa na joto la kitu hai. Nikapiga ukelele ulioleta mtaa. Jirani alikuja mbio na mikono yenye povu la sabuni, akachukua yai akaliweka juu ya kope lake, vile wanavyopima wafugaji, akakaa hivyo amefumba macho. "Bado," akasema. "Hii mayai bado iko hai. Lakini inaenda."

Babu wa bandarini alivuka barabara na boksi lake la vifaa. Akapiga magoti, akaivua pete akaitia mdomoni, akachokoa. Ugonjwa akaupata upesi: chumvi. Hapa kwetu pwani chumvi ya hewa hula nyaya kama mchwa, na nyaya za kile kihisi zilikuwa zimegeuka unga wa kijani zikakatika. Akachomoa plagi, akaanza kutia nyaya mpya. Mwalimu naye akafika, baiskeli ikaanguka yenyewe nje kwa haraka aliyoiachia.

"Na mayai je?" aliuliza jirani. "Mpaka mumalize?"

Wataalamu wakatazamana. Mmoja akataja maji ya moto, mwingine akataja mchanga uliokaangwa. Bibi alitoka jikoni akifuta mikono.

"Kuku hufanyaje?" akauliza.

"Huatamia, mama," alisema mwalimu.

"Basi."

Na hivyo ndivyo, rafiki yangu, mimi mwenye diploma nilivyowahi kuwa kuku. Bibi alitandika magodoro chumba cha ndani, nyuma ya pazia, wanaume wakabaki sebuleni na mashine. Tukayagawa mayai, tukayafunga ndani ya leso juu ya matumbo yetu, tukajifunika mablanketi, katika joto la Chaani, mchana. Bibi upande mmoja, jirani upande wa pili. Mimi, kwa kuwa nafasi haikutosha, nililazwa kizingitini, mwili ndani, kichwa karibu kitokeze chini ya pazia.

"Ukitikisika," bibi alinionya, "nitakufinya mpaka uone nyota za mchana."

"Na nikiwashwa, bibi?"

"Uwashwe kimya."

Jasho lilitutiririka. Nyuma yangu wale wawili hawakunyamaza.

"Mama, yangu iko na joto kuliko yako," alisema jirani.

"Yako yana joto kwa sababu wahangaika. Yangu yana joto la utulivu."

"Wewe ni mwili tu umekuzidi, mama."

"Mwili huu ni mbaazi za nazi, si wa kuchezea. Kitui mna nazi nyinyi?"

Jirani akacheka, kisha akakumbuka mayai akaacha ghafla. Baada ya hapo nilimsikia akinong'ona peke yake, sijui kama ni sala au ni kuyabembeleza. Shemeji zake walikuwa karibu kuja. Kila mtu chumbani alilijua hilo.

Mimi nililala. Hujui nilivyoteseka. Nzi alitembea kwenye kisigino changu akaenda na kurudi kama mkaguzi. Miguu ilitaka kukimbia bila mimi. Lakini nilikuwa nimebeba vitu vyenye mapigo tumboni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikaa. Kwa kuwa nilikaa, nikaona.

Chini ya pazia nilionyeshwa vitu vitatu tu: sakafu, tumbo la mashine lililofunguliwa, na mikono. Kwanza mikono ya babu, ikimaliza kufunga nyaya mpya za kihisi. Halafu sauti yake, "Mwalimu, naenda kuswali, n'ngoje tuwashe pamoja." Miguu yake ikatoka. Ikaja mikono yenye chaki. Ikasita juu ya nyaya za kihisi, ikazifuata kwa kidole, ikasimama. Mwalimu alikuwa ameona kwamba babu amezipachika kinyume. Mashine ingewaka pa kuzima na kuzima pa kuwaka. Hakuzigusa, maana angezigusa babu angejua amekosolewa. Badala yake alikwenda upande wa pili, kwenye swichi, akahamisha waya mmoja. Unajua, mashine ile ilikuwa na mahali pawili pa kuweza kupinduliwa, kwenye kihisi na kwenye swichi. Ukipindua mahali pamoja tu, inakwenda kinyume. Ukipindua pote pawili, inarudi sawa. Mwalimu alikuwa ameponya kosa kwa kupindua upande wake. Hesabu safi kabisa.

Kisha akatoka nje kuinua baiskeli yake.

Mikono ya pete ikarudi. Nadhani mzee alikumbuka kosa lake palepale kwenye mswala, maana aliingia akinong'ona "astaghfirullah" na kwenda moja kwa moja kwenye kihisi. Akazichomoa nyaya zake, akazibadilisha, akafuta kidole kwenye kikoi. Naye hakumwambia mtu.

Wakaketi. Bibi akasema bismillahi kutoka nyuma ya pazia. Plagi ikaingia.

Giza. Hakuna taa hata moja.

"Ajabu," alisema mwalimu.

"Ni mitihani," alisema babu.

Wakachomoa plagi. Chai ikaombwa, hapakuwa na wa kuipika kwa sababu wapishi wote walikuwa wanaatamia, basi babu akaenda kwake kuchukua birika. Mikono ya chaki ikarudi upesi kwenye swichi na kuurudisha waya ulipokuwa. Nikaelewa mwalimu anafikiria nini: huenda mzee alikuwa sahihi, nimekosea mimi. Akaenda kunawa. Birika likafika, likawekwa sakafuni, na mikono ya babu ikaenda kwenye kihisi ikarudisha nyaya za mwanzo. Naye anafikiria: huenda nilikuwa sahihi tangu awali.

Wakaketi. Bismillahi. Plagi.

Giza tena.

"Jamani," alisema jirani nyuma yangu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa ametoa yai ameliweka kwenye kope. "Jamani, hii ya pembeni sijui."

Nikageuza shingo kidogo tu. Bibi alikuwa amemtazama, bila mzaha usoni. Sebuleni nilimsikia babu akisema, "Mwalimu, hebu nenda upumzike hewa kidogo," na mwalimu akimjibu, "La mzee, pumzika wewe." Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenziwe aondoke. Nikajua kinachokuja. Wangeheshimiana mpaka mayai yafe.

Moyo ulinidunda kwenye mayai. Sheria ya bibi niliijua tangu sijaota meno. Lakini nilikuwa na macho, na nilichokiona nilikiona.

"Mmoja wenu akae!" nilipiga kelele chini ya pazia. "Babu, mwalimu amegeuza swichi! Mwalimu, babu amegeuza kihisi! Kila mara mwageuza nyote wawili! Mmoja akae, mmoja ageuze!"

Nadhani hata malori yalisimama.

"Mtoto wewe!" Bibi alikuwa ameinua kichwa, blanketi limemfika kidevuni, uso umeiva. "Wawakosoa wakubwa? Mbele ya mwenye kitu? Ndani ya nyumba yangu? Bahati yako! Wallahi bahati yako n'na mayai!"

Jirani alishika kinywa kwa mkono mmoja, na mayai kwa mwingine.

Nje ya pazia, babu alitoa pete mdomoni. Niliisikia ikigonga meno. "Mwalimu," akasema polepole, "wagusa swichi?"

"Nimeigusa, mzee." Kikohozi kidogo. "Mara mbili. Na wewe, kihisi?"

"Mara mbili."

"Niliona umepachika kinyume."

"Nilipachika kinyume. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mzee?" alisema mwalimu, na Kiswahili chake cha vitabuni kikawa kimemwisha.

Nilisubiri radi. Badala yake nikaona kikoi kikishuka, babu akiketi sakafuni kabisa, na mikono ile miwili ikiingia chini ya makalio yake. "Haya," akasema. "Nimeikalia. Geuza."

Mikono ya chaki ikageuza waya mmoja. Bibi alisema bismillahi kwa sauti ya mtu aliyekasirika bado. Plagi ikaingia, na mwanga wa njano ukamwagika sakafuni mpaka ukanifika usoni.

Hakuna aliyeshangilia. Babu alisema tu "alhamdulillahi," na jirani akaanza kulia taratibu, bila kujitikisa, kwa ajili ya mayai.

Tuliyarudisha ndani ya kasha ilipoadhiniwa magharibi. Finyo langu nililipata baadaye, bibi hakuwa mtu wa kusahau, lakini lilikuwa finyo la nusu, la kutimiza wajibu. Na sheria akairekebisha kabla ya Jumamosi iliyofuata. Mtu atakosolewa, akasema, mradi akosolewe kwa sauti ile ile ya kuomba kupitishiwa chumvi mezani. Babu na mwalimu walijifunza. Mwanzoni ilikuwa kama kuwatazama watu wakijifunza kuogelea uzeeni, lakini walijifunza, na kuanzia hapo ndipo nilipoanza kusikia kwao vitu ambavyo baadaye chuoni nilijibia mitihani, nikawashinda wavulana wa darasa zima.

Yapo mayai ambayo hayakuanguliwa. Lile la pembeni halikuanguliwa. Lakini shemeji wa jirani walipofika, wamevaa makoti katika joto hili, vifaranga walikuwa wakikimbia chini ya meza yetu kama maua yaliyopatwa na wazimu, na mmoja akamchafulia shemeji mkubwa kiatu. Mzee yule alikitazama kiatu chake, akamtazama jirani. "Hii ndiyo kazi?" "Hii ndiyo kazi," alisema jirani, na akamwongezea chai. Walirudi Kitui na ahadi ya kupewa kuku baadaye, na vyombo vyake vikabaki rafuni pake. Aliishi Chaani mpaka nywele zikawa nyeupe, akarudi kwao siku aliyoitaka yeye, kwa miguu yake.

Wengine wameondoka kwa njia yao. Bibi alifariki nikiwa Doha, na sikuwahi mazishi. Babu alimtangulia. Mwalimu alihamishwa shule ya mbali na barua zikakoma. Wajomba waliuza kiwanja, na baraza ile ikavunjwa kwa nyundo, saruji iliyong'azwa na viuno vya watu ikawa kifusi cha kujazia mashimo ya barabara.

Nimefika mbali, na nimefika kwa jasho langu. Hilo sitaacha kulisema. Nina vyombo ambavyo wale wazee wangeviamkia shikamoo. Nikiwa na mita yangu, kosa lao ningelipata kabla chai haijachemka. Lakini nilipokuwa nimesimama kwenye ukuta wa lile jengo, mlinzi akinitazama, niliyemtafuta hakuwa fundi. Nilitafuta watu wanaojua kitu na ambao wako tayari kukikalia kimya kidogo pamoja, na nikatazama madirisha yale yote, kila moja na televisheni yake, sikujua nigonge wapi.

Asubuhi moja, kabla vifaranga hawajatoka, babu alidai amesikia mlio ndani ya yai. Mwalimu akasema bado ni mapema. Babu akasema njoo usikie mwenyewe. Wakapiga magoti pande mbili za friji lile bovu, kofia ya mmoja ikagusana na upara wa mwingine, wakaweka masikio juu ya kifuniko. Jirani alisimama mlangoni na ndoo, hakuthubutu kuitua. Bibi aliacha unga mikononi. Na mimi nilipiga magoti kati yao, kichwa changu chini ya vichwa vyao. Mwalimu akainua kidole chake cha chaki, babu akafumba macho, na sote tukangoja yai lilie tena.